Jozi ya karata na namba ya tarakimu 68

Namba yenyewe hii hapa. Nimeiwekea mikato ili macho yasichoke njiani:

80,658,175,170,943,878,571,660,636,856,403,766,975,289,505,440,883,277,824,000,000,000,000

Ni idadi ya mipangilio yote inayowezekana ya karata 52. Karata ya juu kabisa inaweza kuwa yoyote kati ya hizo 52. Ikishakaa, ya pili ina uchaguzi wa 51, ya tatu 50, hivyo hivyo hadi karata ya mwisho ambayo haina hiari, inakaa palipobaki. Zidisha 52 × 51 × 50 na kuendelea mpaka 1, utaupata mzigo huo hapo juu. Kwa kifupi huandikwa 52!, na ile alama ya mshangao husomwa fakitoria.

Mimi ni karani wa mizani hapa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Naandika magunia ya dagaa na mafurushi ya kayabo yanayopakiwa kwenda Burundi, Kongo na kwingineko, na jioni kazi yangu ni kuhakikisha daftari la mwenye mzigo na daftari langu yanasema kitu kimoja. Sasa, lori likisubiri mzigo dereva naye anasubiri, na dereva anayesubiri hucheza karata, na wacheza karata hawajawahi kukosa ubishi. Huu wa safari hii ulianza pale dereva mmoja wa Bujumbura alipoapa kwamba amegawiwa karata nne zilezile alizogawiwa jana yake: ree ya shupaza, tisa ya uru, na kopa mbili.

“Muongo huyu,” akasema mzee mshona magunia. “Karata hazijirudii.”

“Zinajirudia, mzee wangu! Dada Karani, hebu tuamulie.”

Nikawaambia kila mmoja ana haki yake. Karata nne mkononi, bila kujali ipi imetangulia, zinaweza kutoka kwa namna 270,725 tu. Ni nyingi, lakini kwa watu wanaocheza kutwa nzima, masika na kiangazi, si jambo la kuapia wala la kukanushia. Ila jozi nzima, karata zote 52 kwa mpangilio wake, hiyo ni habari nyingine. Hapo mzee ndiye mwenye haki.

“Nyingi kama nini? Kama maji ya ziwa?” akauliza dereva, akielekeza kidevu kule kwenye mitumbwi.

Swali zuri, na linajibika. Ziwa Victoria lina maji ya takriban kilomita za ujazo 2,700. Tusihesabu matone, maana matone ni machache mno kwa shughuli hii. Tuhesabu molekuli, kile kipande kidogo kabisa ambacho bado ni maji. Gramu 18 za maji zina molekuli 602 zikifuatwa na sifuri 21, yaani ile namba ya Avogadro. Piga hesabu ya ziwa lote, kuanzia hapa Mwanza hadi Kisumu hadi Entebbe, utapata namba ya tarakimu 41. Ili molekuli zilingane na mipangilio ya karata utahitaji maziwa kama hili kwa idadi yenye tarakimu 27. Dereva alinyamaza kidogo, kisha akasema basi ndiyo maana yeye huwa hashindi.

Wao ubishi wao uliishia hapo. Wangu ndio ulianza.

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi aliitoa namba nzima kwenye simu akanisomea, nami nikaiandika kwa penseli nyuma ya daftari. Tarakimu 68, zimesomwa kwa sauti sokoni, mashine ya kusaga barafu inanguruma, wapagazi wanapiga kelele za kupisha. Nani ataamini nakala ya namna hiyo? Karani haamini. Karani anapima.

Kipimo cha kwanza nilifundishwa na mjomba wangu, aliyekuwa mlipaji kwenye kiwanda cha kuchambua pamba enzi wakulima wakilipwa noti mkononi na kikokotoo ni kitu cha kusikia tu. Alikiita kutupa tisa. Unajumlisha tarakimu za namba. Jumla ikizidi tarakimu moja unaijumlisha tena, na popote unapokutana na tisa unaitupa. Kinachobaki ndicho baki la namba yote ikigawanywa kwa 9. Sababu yake haina uchawi: 10 ni 9 na moja, 100 ni 99 na moja, 1,000 ni 999 na moja. Kwa hiyo kila tarakimu, popote ilipokaa, ikishaondolewa tisa zake inabaki yenyewe kama ilivyo. Mjomba alikuwa akizidisha kilo kwa bei, anatupa tisa kwenye kilo, anatupa tisa kwenye bei, anazidisha mabaki, halafu anatazama kama jibu nalo lina baki hilohilo. Kama halina, haendelei na foleni.

Namba yetu lazima igawanyike kwa 9, maana miongoni mwa namba zilizozidishwa imo 9 yenyewe, na 18, na 27, na wenzao. Nikajumlisha tarakimu zote: 279. Tena: 2 + 7 + 9 ni 18. Tena: 9. Inatupwa, hakuna baki. Sawa.

Ila kutupa tisa kuna upofu wake, na kila mtunza daftari anaujua. Hakuoni tarakimu zilizopishana. Ukiandika 568 mahali pa 658, jumla ni ileile 19. Ndiyo maana daftari mbili zikitofautiana kwa 9, au 27, au 90, au 5,400, yaani namba yoyote inayogawanyika kwa 9, kitu cha kwanza tunachotafuta ni tarakimu zilizobadilishana viti. Kwa namba niliyosomewa katikati ya soko, hilo ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote.

Kwa hiyo nikaenda kwenye makundi. Mikato ile ya maelfu si pambo. Chukua kila kundi la tarakimu tatu kama namba inayojitegemea na ujumlishe yote: 80, 658, 175, 170, hadi 277 na 824. Jumla yangu ilikuwa 10,989. Hiyo ni 999 mara 11, kamili. Na kwa kuwa 1,000 ni 999 na moja, jumla ya makundi hufanya kwa 999 kazi ileile ambayo jumla ya tarakimu hufanya kwa 9. Namba inagawanyika kwa 999, ambayo ni 27 × 37. Hapo 37 imeonekana, na haikuwa imeonekana kwenye kutupa tisa.

Halafu fanya kwa kupokezana: kundi moja upande wa kushoto wa daftari, linalofuata upande wa kulia, la tatu kushoto tena. Nilipata 5,995 upande mmoja na 4,994 upande mwingine. Toa.

1,001.

Nilicheka peke yangu hadi mteja akadhani namcheka yeye. Sababu ya kucheka ni kwamba 1,001 ni 7 × 11 × 13. Kwa kuwa 1,000 ni 1,001 pungufu moja, tofauti ya makundi ya kupokezana hukupa baki la kugawanya kwa 1,001, na hapa tofauti imekuja kuwa 1,001 yenyewe, imesimama mlangoni. Ingeweza kuwa sifuri, au 2,002, na kipimo kingekubali vilevile. Lakini kuja hivyo ni adabu nzuri kwa namba kubwa kiasi hiki. Kwa kujumlisha na kutoa tu, kazi ya darasa la tatu, namba ya tarakimu 68 imekiri kwamba inagawanyika kwa 7, 11, 13, 27 na 37. Na kipimo cha 11 kinakamata tarakimu mbili jirani zikipishana, popote zilipo. Nakala yangu ilikuwa safi. (Kwa wapenda kasoro: ukibadilishana makundi mawili yenye kundi moja katikati yao, vipimo vyote hivi vitapita bila kukuona. Hakuna mlinzi asiyesinzia.)

Sasa sifuri. Namba inamalizikia na sifuri 12, na watu wengi wakiziona hudhani ni mashine imechoka ikakadiria. Hapana, ni sifuri za haki na unaweza kuzitabiri bila kuzidisha chochote. Sifuri ya mwisho huzaliwa na 2 ikikutana na 5. Mbili zimejaa tele: namba 26 kati ya 1 na 52 ni shufwa, 13 kati yake zina 2 ya pili, 6 zina ya tatu, 3 zina ya nne, na 32 peke yake ina ya tano, jumla 49. Tano ndizo adimu. Namba 5, 10, 15, 20, 30, 35, 40 na 45 zinaleta moja moja, 25 na 50 zinaleta mbili mbili. Nane na nne, 12. Basi sifuri ni 12, na mbili 37 zimebaki bila mwenzi.

Ukiendelea hivyo kwa kila namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe) iliyo chini ya 52 unaipata namba nzima imefumuliwa nyuzi zake: 2 mara 49, 3 mara 23, 5 mara 12, 7 mara 8, 11 mara 4, 13 mara 4, 17 mara 3, 19 na 23 mara mbili mbili, kisha 29, 31, 37, 41, 43 na 47, kila moja mara moja. Njia hii ya kuhesabu inaitwa kwa jina la Adrien-Marie Legendre, Mfaransa, na sijui kwa nini haifundishwi mapema. Mtoto anayejua kugawanya anaiweza.

Orodha hiyo inafungua mengi. Je, 52! ni mraba wa namba nyingine? Si mraba, kwa kuwa 47 imo mara moja tu, na kwenye mraba kila namba tasa huja mbili mbili. Tena si bahati ya 52: Pafnuty Chebyshev, Mrusi wa karne ya 19, alithibitisha kwamba kati ya namba yoyote kubwa kuliko 1 na maradufu yake hakukosekani namba tasa, na kwa sababu hiyo hakuna fakitoria iliyo mraba ukishaivuka 1. Je, ina vigawo vingapi, yaani namba zinazoigawanya bila baki? Ongeza moja kwenye kila idadi hapo juu, kisha zidisha: 50 × 24 × 13 × 9 × 5 × 5 × 4 × 3 × 3, halafu 2 mara sita. Inakuja 8,087,040,000. Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba watu duniani wamefika bilioni 8 mwezi Novemba 2022. Kwa hiyo wakati huo kila binadamu, pamoja na wale wanaonisukuma kwenye foleni ya mizani, angeweza kupewa kigawo chake, karibu bila upungufu wala ziada.

Mpaka hapa tumeipekua namba yenyewe. Lakini kilichoninyima usingizi ni majirani zake, ile iliyoizidi kwa moja na ile iliyopungua kwa moja.

Jirani wa juu, 52! + 1. Namba yoyote kuanzia 2 hadi 52 ukiigawanyia huyu, inaacha baki 1, maana 52! inagawanyika kwa zote. Je, huyu ni tasa? Si tasa, anagawanyika kwa 53. Na hilo nalijua bila kugawanya.

Angalia. Zidisha namba za 1 hadi 52, lakini kila mara unapovuka 53 tupa 53 zote ubaki na baki, kama mjomba alivyotupa tisa. 2 × 27 ni 54, kwa hiyo baki ni 1. 3 × 18 nayo 54, baki 1. 6 × 9, vivyo hivyo. 4 × 40 ni 160, yaani 53 mara tatu na moja. 5 × 32 ni 160, na 8 × 20, na 10 × 16. 7 × 38 ni 266, yaani 53 mara tano na moja. 14 × 19 pia. Kila namba ina mwenzi wake mmoja wa kuzidishana naye ikapatikana 1, na wote wanamalizana wawili wawili. Wasio na mwenzi ni wawili tu, 1 yenyewe na 52, kwa kuwa hao mwenzi wa kila mmoja ni yeye mwenyewe. Basi zidisho lote linabaki 1 × 52. Yaani 52! ikigawanywa kwa 53 inaacha 52, pungufu moja kufika 53. Ongeza hiyo moja, inagawanyika. Kwa namba ndogo unaweza kuhakikisha mwenyewe: 4! ni 24, na 25 inagawanyika kwa 5; 10! ni 3,628,800, na 3,628,801 ni 11 × 329,891. Inafanya kazi kwa kila namba tasa, na kwa namba isiyo tasa haifanyi kamwe.

Vitabu vinaiita kanuni ya Wilson. John Wilson alikuwa mwanafunzi wa Uingereza. Mwalimu wake Edward Waring aliichapisha mwaka 1770 bila uthibitisho, na Lagrange akaithibitisha mwaka 1771. Lakini ilikuwa imeshatumika miaka zaidi ya mia saba kabla yao, na aliyeitumia ni mtu anayetuhusu sisi wa huku ziwani zaidi kidogo kuliko mnavyodhani. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliuliza: ni namba gani inayoacha 1 ikigawanywa kwa 2, 3, 4, 5 na 6, na isiyoacha kitu ikigawanywa kwa 7? Njia yake mojawapo: zidisha 1 hadi 6, ongeza 1. Inakuja 721, ambayo ni 7 × 103.

Huyu Ibn al-Haytham ndiye anayesimuliwa kwamba alimwahidi khalifa al-Hakim wa Misri kuwa angeweza kuyatawala maji ya Mto Naili. Akapewa watu na vifaa, akapanda na mto hadi karibu na Aswan, akaona majengo makubwa ya watu wa kale, akajiambia kama jambo hili lingewezekana wale wangekuwa wameshalifanya. Akarudi mikono mitupu, na kwa kumwogopa khalifa akajifanya mwendawazimu hadi al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Maji yale ya mafuriko zaidi hutoka milima ya Ethiopia, lazima tuseme kweli. Lakini sehemu ya Naili iliyompita pale Aswan ilikuwa imetoka ziwani humu, kwa mlango wa Jinja. Miye napenda kufikiri kwamba aliyashindwa maji yetu akaiweza kanuni.

Jirani wa chini sasa, 52! − 1. Kwa 53 hagawanyiki, hapo nilikwama kidogo nikaenda namba tasa inayofuata, 59, nayo ikakataa. Iliyofuata ni 61. Kwa kanuni ileile, 1 hadi 60 zikizidishwa zinapungua moja kufika kwenye mgawanyo kamili wa 61. Sasa 60! ni 52! mara 53 mara 54 hadi 60. Hizo nane za mwisho, mbele ya 61, ni pungufu nane, pungufu saba, pungufu sita, hadi pungufu moja. Ziko nane, idadi shufwa, kwa hiyo “pungufu” zinafutana zote, na zidisho lao ni sawa na 8!, yaani 40,320. Na 61 × 661 ni 40,321. Mnaona? Zile nane nazo zinapungua moja. Zima linapungua moja, mkia unapungua moja, kwa hiyo kichwa, 52!, hakina budi kuacha baki 1 kamili. Toa hiyo moja, 61 inaingia.

Basi jirani wa juu anagawanyika kwa 53 na wa chini kwa 61, na hakuna aliyeandika hata tarakimu moja ya jibu la mgawanyo. Nao majirani wa mbali zaidi hawana hata haja ya ujanja: 52! + 2 inagawanyika kwa 2, 52! + 3 kwa 3, hadi 52! + 52; na kushuka chini vivyo hivyo. Ukijumlisha pande zote mbili na wenyewe katikati, ni namba 105 zinazofuatana bila namba tasa hata moja.

Kijana wetu alisema hilo ni jangwa la ajabu. Nilimwambia apunguze ajabu. Mwaka 1896 Jacques Hadamard na Charles de la Vallée Poussin, kila mmoja kwa njia yake, walithibitisha jinsi namba tasa zinavyotawanyika, na ukiifuata kanuni yao, kwenye ukubwa huu wa tarakimu 68 namba tasa huja kwa wastani moja katika kila 156 hivi. Pengo la 105 huku ni la kawaida kabisa. Kilicho kigeni si urefu wa pengo, ni kwamba tumeweza kulionyesha kwa kidole lilipo.

Hilo ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo, na naona watu hulikosea: ukubwa wa namba si pazia. Namba hii tumeipekua mpaka ndani kwa sababu tunajua ilivyojengwa. Kuna namba fupi mno kuliko hii zilizowatoa watu jasho. Chukua 2, izidishe yenyewe mpaka ziwe mbili 67, toa 1: 147,573,952,589,676,412,927, tarakimu 21 tu. Mwaka 1644 Marin Mersenne aliiorodhesha miongoni mwa tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas akaonyesha si tasa, lakini bila kuonyesha inagawanyika kwa nini. Ilibidi kungoja hadi 1903, Frank Nelson Cole alipozisimamisha mbele ya wenzake jijini New York: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba alizidisha ubaoni akakaa kitini bila kusema neno, na baadaye akaeleza kuwa zilimgharimu Jumapili za miaka mitatu. Nimemtupia tisa: ya kwanza inaacha 1, ya pili inaacha 1, na ile ndefu inaacha 1. Mjomba angemlipa.

Turudi kwenye karata, maana nina deni kwa mzee mshona magunia. Nilisema ana haki, lakini haki yake ina sharti. Tuseme watu bilioni 8 wamekuwa wakichanga jozi moja kila sekunde tangu ulimwengu uanze, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Idadi ya kuchanga huko ina tarakimu 28. Lakini kujirudia hakuhitaji mpangilio wa leo ufanane na wa jana tu; unaweza kufanana na wowote uliopita, kwa hiyo inabidi tuhesabu kila wawili wanaoweza kulinganishwa, na hiyo inakuwa namba ya tarakimu 55. Bado haifiki 68. Nafasi ya kupata hata mfanano mmoja katika historia hiyo yote ni chini ya moja kwa trilioni 10.

Sharti ni kwamba karata ziwe zimechangwa kweli. Jozi mpya inatoka kwenye boksi ikiwa imepangwa, na mpangilio huo umejirudia mara zisizo na idadi. Mwaka 1992 Dave Bayer na Persi Diaconis walichapisha hesabu zao: kwa ule mtindo wa kukata jozi nusu kwa nusu na kuzipenyezesha zipishane, karata 52 zinahitaji kuchangwa kama mara saba ndipo zikaribie kuchanganyika sawasawa. Mtindo wa madereva wetu, wa kumwaga vifungu vya karata kutoka kiganja kimoja hadi kingine huku mtu akiongea, hauko karibu na hapo. Unataka mara nyingi zaidi, na wao humwaga mara tatu nne kisha wanagawa. Karata zilizokuwa zimelaliana mchezo uliopita zinabaki zimelaliana. Kwa hiyo nashuku sana kwamba zile nne za dereva wa Bujumbura hazikuwa bahati ya moja kwa 270,725, bali uvivu wa mgawaji.

Nilipomweleza hivyo akaleta jozi yenyewe mezani nimwonyeshe kuchanga. Zikahesabiwa: 51. Saba ya kopa haipo, na hakuna anayejua tangu lini. Mchezo ukasimama kwa lawama, mimi nikachukua penseli. Ukiondoa karata moja, namba inagawanywa kwa 52 inakuwa 51!, tarakimu 67. Sifuri za mwisho zinabaki 12 vilevile, kwa kuwa 52 haikuwa na tano ya kuondoka nayo. Na 53 je? 52! ilikuwa pungufu moja, na 52 yenyewe ni pungufu moja, basi kilichobaki lazima kiache baki 1. Kwa jozi ya karata 51, anayegawanyika kwa 53 ni jirani wa chini.